Sura ya Sita: Klia Haioti Tena

Rangi yote ya gari, kuanzia kwenye bati hadi pale kidole kinapogusa, ina unene wa maikroni 100 hadi 150 kwa magari mengi yanayotoka kiwandani. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo hapa tunazungumzia karatasi moja ya kuchapishia, au moja na nusu. Ndani ya unene huo kuna tabaka nne. Ya kwanza hupatikana kwa kuzamisha bodi nzima kwenye tangi la rangi na kupitisha umeme, ili kila kona ya bati ipate kinga ya kutu. Inafuata praima, kisha rangi yenyewe, ile iliyokufanya ulipende gari, ambayo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Juu kabisa ipo klia, rangi isiyo na rangi, yenye maikroni 40 hadi 50 hivi.

Klia ndiyo inayobeba mzigo wote. Mng'ao unaouona ni wake. Kemikali za kuzuia miale ya urujuanimno zimechanganywa humo humo. Kunguru akichafua, klia ndiyo inayopokea. Mlinzi akipangusa vumbi alfajiri, klia ndiyo inayokwaruzwa. Nayo haioti tena. Maikroni ikishaondoka kwa kusuguliwa, imeondoka, mpaka siku gari litakapoingia kwa fundi rangi na kupigwa klia nyingine, ambayo mara nyingi haifikii ile ya kiwandani. Ndiyo maana nimeanza na hesabu ya unene kabla ya kutaja kopo lolote la nta. Anayejua kwamba ana maikroni 40 tu za kutumia kwa maisha yote ya gari hatakuwa mwepesi wa kuitikia kijana wa kuosha magari anapouliza, "Bosi, nikupigie na polishi?"

Kijana huyo anauza kazi mbili tofauti, mara nyingi bila kuambiwa na mtu kwamba ni mbili. Polishi, na ndugu yake mkali zaidi kompaundi, ina chembe ndogo zinazosaga. Mkwaruzo huonekana kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga. Polishi inasaga klia iliyouzunguka mpaka uso wote ushuke na kulingana na kina cha mkwaruzo. Mkwaruzo haukufutika kwa kuzibwa, ila jirani zake wote wameshushwa. Nta haisagi kitu. Inakaa juu ya klia, tabaka jembamba mno, na kazi yake ni kuliwa badala ya klia. Polishi inapunguza na nta inaongeza, na gari linalopigwa polishi kila mwezi linakonda kila mwezi hata kama linang'aa.

Desturi ya kusugua sugua ina historia yake, na wazee walioianzisha hawakukosea. Hadi miaka ya 1970 magari mengi yalikuwa na rangi ya tabaka moja, isiyo na klia. Peugeot 504 au Land Rover ya enzi hizo ikipigwa na jua miaka kadhaa, uso wa rangi ulichoka ukawa unga unga, ukipitisha kiganja kinatoka na vumbi jekundu au la buluu. Dawa ilikuwa kompaundi: unaondoa rangi iliyokufa, unafikia iliyo hai chini yake, kisha unaifunga kwa nta. Rangi ilikuwa nene na ilikuwa ileile mpaka chini, hivyo ulikuwa na akiba ya kutosha. Klia ilipoenea, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na hasa miaka ya 1980, mambo yalibadilika, lakini mkono wa kusugua ulirithiwa kama ulivyo.

Kujua gari lako ni la kundi gani si kazi ngumu. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua kwa upole mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi. Msomaji asidhani kwamba rangi ya tabaka moja imekwisha barabarani: Toyota nyingi nyeupe tupu, zile zenye namba ya rangi 040, hazina klia, na hizo tunazo kwa wingi. Namba hiyo iko kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mbele ya herufi C/TR. Inakili mahali, utaihitaji.

Sasa tuangalie nani anaila klia yetu.

Jua lina sehemu yake, na hapa Pwani halina msimu wa kupumzika. Gari jeusi lililoegeshwa juani mchana linaweza kuwa na paa lenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi na zaidi. Miale ya urujuanimno hukata vifungo vya kemikali ndani ya klia kidogo kidogo, na sehemu zinazotazama juu ndizo zinazotangulia kufa: paa, boneti, buti. Milango ya gari hilohilo hubaki mizuri miaka mingi baadaye.

Watu hukimbilia kivuli cha mti, na hilo ni jambo jema, ila mti una wenyewe. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa hadi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hulala kwa makundi kwenye miti ya mijini. Kinyesi cha ndege kina asidi ya uriki. Kikidondoka kwenye bati la moto, klia iko laini na imetanuka kwa joto. Kinyesi kinakauka na kuganda, kisha jioni bati linapoa na klia inajikunja chini yake. Alama inayobaki haitoki kwa kuoshwa. Saa chache za jua kali zinatosha. Chini ya mkungu kuna popo usiku, chini ya mwembe kuna utomvu, na hao nao wana alama zao. Beba chupa ya maji na kitambaa laini kwenye gari. Lowesha uchafu, acha dakika mbili tatu ulainike, kisha uinue bila kusugua, maana ndani ya kinyesi kuna mbegu na mchanga.

Maji nayo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinatumia visima, na visima vya karibu na bahari vina chumvi na chokaa. Ukiosha gari saa sita mchana kwa maji hayo na kuliacha likauke lenyewe, kila tone linaondoka na maji yake na kuacha madini yake. Ndiyo yale madoa meupe ya duara unayoyaona kwenye boneti nyeusi na kwenye vioo. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji hutoa madoa mapya, kisha unasuuza. Madoa yaliyokaa miezi yameshaingia ndani ya klia, na hapo hakuna njia ila polishi, yaani kulipa kwa maikroni. Anayetumia maji ya kisima aoshe asubuhi au jioni, kivulini, na akaushe gari papo hapo.

Lakini mwenye makosa makubwa zaidi, kwa maoni yangu, si jua wala kunguru. Ni kitambaa.

Simama kidogo pembeni ya sehemu yoyote ya kuoshea magari na uangalie mikono badala ya gari. Tambara ni fulana kuukuu. Limetoka kufuta rimu, ambazo zina unga wa chuma kutoka kwenye breki, likachovywa kwenye ndoo, likakamuliwa, likapanda kwenye mlango. Likaanguka chini, likaokotwa, likachovywa tena kwenye ndoo ileile. Chini ya ndoo kuna mchanga wa magari yote yaliyotangulia tangu asubuhi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za kwazi, aina ya mchanga mgumu kuliko kioo, na klia ni laini kuliko kioo. Kila mpapaso unachora. Siku hiyo huoni kitu kwa sababu gari limelowa. Nenda ukalitazame usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta, utaona mikwaruzo myembamba elfu imezunguka mwanga wa taa kwenye boneti. Gari jeusi na la buluu iliyoiva huonyesha zaidi, jeupe na la fedha huficha, lakini yote yamechorwa sawasawa.

Mlinzi anayepangusa gari lako alfajiri kwa dasta kavu anafanya hivyo kwa heshima, na hakuna haja ya kumvunja moyo. Mweleze tu kwamba vumbi kavu halipanguswi, lisubiri maji. Nguo ya kufunika gari ina shida hiyohiyo: ikivikwa juu ya gari lenye vumbi, upepo unaisugua usiku kucha.

Hakuna sababu ya kugombana na waosha magari. Wanafanya kazi ngumu kwa malipo madogo, na vitambaa safi ni gharama. Nunua vyako, vya maikrofaiba, vinne au vitano, uviweke kwenye buti. "Kaka, naomba hiki utumie juu, hicho chako kibaki kwenye matairi." Sijaona anayekataa. Mwombe pia apige maji ya mpira kwanza, mengi, mchanga ushuke wenyewe kabla ya mkono kugusa bodi. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Aanze na paa, ashuke, amalizie chini ya milango ambako tope ni jingi. Haya yote hayaongezi hata robo saa kwenye kazi yake.

Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo. Ni kali, inaondoa nta yote uliyopaka jana, na punje zake zisipoyeyuka zinakwaruza. Shampuu ya magari ni bora, na kidogo tu kwenye ndoo kinatosha. Ikikosekana, maji matupu mengi ni bora kuliko povu la unga. Kuhusu kufuta bodi kwa mafuta ya taa au dizeli ili ing'ae, naliandika hili kwa uzito wote: acheni. Mafuta ya taa huyeyusha nta, huharibu mipira ya milango, na yanaacha utando unaokamata vumbi la siku nzima, vumbi ambalo kesho litasuguliwa kwa tambara.

Gari likishaoshwa na kukauka, kuna hatua moja ambayo wengi wanairuka. Chukua mfuko laini wa nailoni uliotoka na mkate, uvae mkononi, pitisha vidole kwa wepesi juu ya boneti. Mfuko unaondoa msuguano wa ngozi na kukuza hisia. Utasikia vipunje ambavyo jicho halioni. Ni chembe za chuma cha breki, matone ya rangi kutoka gereji ya jirani, lami, utomvu uliokauka. Nta ikipakwa juu yake inavifungia humo. Vinatolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, uliobuniwa Japani, unaoteleza juu ya bodi iliyoloweshwa maji ya sabuni na kuvinasa. Usibonyeze. Ukidondoka chini, utupe, hata kama ni mpya.

Sasa nta. Iliyo maarufu kuliko zote ni kanauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na mivumo, unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Mti huo unaishi penye kiangazi kirefu, na hutoa nta juu ya majani yake ili usipoteze maji. Watu hukata majani, huyaanika, huyapiga mpaka unga wa nta udondoke. Ukiwa na kopo la Kiwi nyumbani unaijua tayari, kwa sababu mng'ao wa kiatu unatokana nayo, ingawa dawa ya viatu ina rangi na viyeyushi visivyofaa bodi ya gari.

Wasomaji wa Tabora na Katavi wataniuliza kwa nini tuagize Brazili wakati misitu yetu ya miombo imejaa nta ya nyuki. Swali ni zuri, na jibu liko kwenye joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nimesema paa jeusi la gari linaweza kupita 60. Nta ya nyuki peke yake kwenye paa hilo inalainika, inashika vumbi, inatiririka. Kanauba huyeyuka zaidi ya nyuzi 80, nayo ni ngumu sana. Ni ngumu kiasi kwamba haipakiki ikiwa tupu, hivyo huchanganywa na mafuta, viyeyushi na nta laini, na hapo nta ya nyuki hupata nafasi yake kwenye makopo mengi kama mshirika wa kulainisha.

Kupaka kunahitaji kivuli na bati lililopoa. Weka kiganja kwenye boneti, kama hakivumilii, subiri. Chota kiasi cha sarafu kwa mlango mzima. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi, kana kwamba unene ndio kinga, wakati inayozidi yote itafutwa na kubaki kwenye kitambaa. Fanya sehemu moja moja: nusu ya boneti, kisha nusu nyingine. Acha ikauke hadi iwe na ukungu mweupe, pitisha kidole; ukungu ukitoka safi bila kuvutika, ni wakati wa kufuta. Futa kwa kitambaa safi, kigeuze upande, futa tena. Epuka plastiki nyeusi za bampa na za kuzunguka madirisha, kwa sababu nta ikikauka humo inaacha weupe usiotoka kirahisi.

Kanauba hudumu wiki kadhaa, mara chache inazidi miezi miwili kwa gari linalolala nje. Nta za sintetiki, ambazo hushikamana na klia vizuri zaidi, hufika miezi minne hadi sita. Kwa gari la kazi, linaloamka saa kumi na moja na kurudi usiku, ningechagua ya sintetiki bila kusita. Uzuri wa kanauba ni kina cha rangi, hasa kwenye nyekundu na nyeusi, na unamfaa mwenye muda wa kuirudia. Dalili ya kuisha ni maji: yakijikusanya matone ya duara na kukimbia, bado ipo, yakitandaa na kulala, imekwenda. Ila usiipe nta sifa isiyo yake. Inapunguza uchafu kushika, inampa mwenye gari muda wa kukiwahi kinyesi cha kunguru, inafanya uoshaji uwe mwepesi na kwa hiyo mikwaruzo iwe michache. Jua haizuii kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa jua, dawa ni banda.

Siku hizi Dar es Salaam na Nairobi kuna wanaouza kinga ya seramiki kwa bei kubwa. Bidhaa yenyewe ni ya kweli: kimiminika chenye asili ya silika kinachoganda juu ya klia na kudumu mwaka hadi miaka kadhaa. Ninachopinga ni maneno yanayoizunguka. Ile 9H inayotajwa kama ugumu wa almasi inatokana na kipimo cha penseli, kile cha kuchora uso kwa penseli za ugumu tofauti na kuona ni ipi inayoacha alama. Unene wake ni maikroni moja au chache. Jiwe linaloruka kutoka tairi la lori njia ya Chalinze litaipita bila kuiona. Na kabla haijapakwa, gari hupigwa polishi ili mikwaruzo isifungiwe ndani, kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe kuhusu kipimo: je, anacho kifaa cha kupima unene wa rangi, na atakuonyesha namba kabla na baada? Asiye nacho anasaga asichokijua. Anayetaka kuzuia mawe kweli anahitaji filamu ya plastiki ya kubandika, ambayo peke yake ina maikroni 150 au zaidi, na bei yake hufanana na unene huo.

Alama za mawe zilizokwisha kuingia, hasa ukingo wa mbele wa boneti, ziwahiwe mapema na wakazi wa Pwani. Anayevuka kila siku kwa pantoni ya Kigamboni au ya Likoni anapumulia gari lake chumvi. Chumvi haili klia iliyo nzima. Inaingia pale bati lilipofunguka, na kutu inatambaa chini ya rangi mpaka ivimbe. Hapo ndipo ile namba uliyoinakili inapofanya kazi: fundi anachanganya rangi kidogo kwa namba, unagusa tone kwa ncha ya brashi, basi.

Inabaki hali ambayo nta haina la kufanya. Gari lililotumika kwanza Japani, kisha miaka kumi ya jua letu, paa lake limeanza kutoa mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka. Hiyo ni klia iliyoachia. Polishi itaharakisha, nta itayafanya mabaka yaonekane vizuri zaidi. Sehemu hiyo ipigwe msasa, ipakwe rangi na klia upya, na hapa usibane fedha kwenye klia: omba ile inayochanganywa na hadna ya kuigandisha, kwa sababu ya kopo la kupuliza haitamaliza miaka miwili juani. Mchague fundi mwenye banda lililofungwa, si anayepuliza uani chini ya mti, na mwache akwambie mwenyewe siku ya mvua kwamba leo hapigi, unyevu utaifanya klia iwe na ukungu. Gari likitoka, thina iliyobaki ndani ya rangi mpya inahitaji njia ya kutokea, na nta inaifunga njia hiyo. Kutegemea aina ya rangi, subiri mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo lioshe kwa maji matupu na kitambaa chako mwenyewe, na mwambie kijana wa polishi kwamba mtaonana baadaye.